Niko na mafua, naweza kupanda Tshivanga kuona gorila?

Swali: Dokta jambo. Niko hapa Kadutu, Bukavu. Jumamosi tunapanda Tshivanga, pale mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega, kuona gorila pamoja na mashemeji waliokuja toka Kalemie, feza nimeshalipa yote. Tangu juzi niko na mafua na kikohozi kidogo, homa hakuna. Nikinywa dawa na kuvaa maski toka asubuhi, si inatosha? Na kijana wangu wa miaka 13 wamemkataa, ni juu ya nini na ni mtoto mtulivu kabisa?

Jibu: Jambo mama, pole na mafua. Jumamosi usipande. Nitakueleza sababu maana mtu akiambiwa tu "imekatazwa" anameza paracetamol mbili asubuhi ili teremomita ya pale kwenye barrière isimkamate, halafu anapanda (sijasema wewe, lakini wengi wanafanyaka hivyo).

Paracetamol inashusha homa, sirop inatuliza koo, basi. Kirusi kiko palepale kwenye pua na koo. Na zile antibiotike wanazokuuzia farmasi vidonge vinne ndani ya kakaratasi, hizo kirusi haziguse kabisa. Mtu mzima mwenye mafua anaanzaga kuambukiza karibu siku moja kabla hajasikia chochote, na siku za mwanzo njo anatoa kirusi kingi zaidi, kwa hiyo wewe uliyeanza juzi Jumamosi utakuwa bado katikati ya mambo, hata kama utajisikia mzima na pua imekauka.

Sasa gorila. Mwili wake uko karibu sana na wetu, kinachoingia kwenye mapafu yetu kinaingia kwake pia, ila sisi tunakutana na hivi virusi toka utoto, mwili umeshazoea, yeye hajazoea. Mwaka 2009 kule Rwanda kundi moja la gorila wa milima, wanaliita Hirwa, lilishikwa na kikohozi: kati ya 12, wagonjwa walikuwa 11, wakafa wawili, jike mzima na kachanga kalichozaliwa siku chache tu. Wakapima wakakuta metapneumovirus ya binadamu, ile ambayo kwa mtoto wako ingekuwa kikohozi cha wiki moja na unamkanda na dawa ya kifua. Uganda mwaka 2013, huko Kibale, ilikuwa sokwe mtu, kundi la 56, wakafa watano, na kirusi ni rhinovirus C, yaani mafua ya kawaida kabisa. Walipochunguza jeni zao, yaani kile mtoto anachorithi kwa wazazi, wakakuta sokwe wote wana ile aina ya jeni inayofungulia hicho kirusi mlango, na kwa watu ni hiyohiyo wanayoikutaka kwa watoto wanaougua asma kali. Kwa hiyo unaposema "kikohozi kidogo", ni kidogo kwako.

Na gonjwa likiingia ndani ya familia ya gorila halikae kwa mmoja. Wanalala karibu karibu, wanasafishana manyoya, mama anabeba mtoto kifuani usiku na mchana. Dawa ya kirusi sisi waganga wa wanyama hatuna, tunachoweza ni kurusha sindano kwa mshale kama mapafu yameanza kuoza kwa bakteria, na hiyo nayo kumpata gorila mgonjwa kwenye mianzi ya Kahuzi si mchezo, silverback, lile dume kubwa la mgongo mweupe, amekusimamia. Halafu jike anazaa karibu mara moja kwa miaka minne. Gorila wa Grauer, njo hawa wa Kahuzi, hapatikane nchi nyingine, ni hapa mashariki ya Kongo tu, na toka 2016 UICN, lile shirika la dunia la kulinda viumbe, imemweka kwenye daraja la hatari ya mwisho kabla ya kutoweka porini. Familia moja ikikohoa ni hasara ya miaka mingi.

Maski je? Maski ni ya mtu mzima asiye na dalili, inakamata kile ambacho hata yeye hajui amebeba. Kwa mgonjwa inapunguza tu. Na fikiria ile njia yenyewe, unapanda, unateleza, gade, mlinzi wa mbuga, anakata njia na panga mbele, jasho linatiririka, baada ya saa moja maski imelowa chepechepe na hewa inapita pembeni mwa mashavu. Njo maana wale wazima nao wabebe ya akiba iliyokauka kwenye kifuko, waivae wakati gade anasema tumekaribia, na ile ya kwanza wasiitupe, watoto wa gorila wanaokotaka kila kitu na kutia mdomoni. Umbali wa zamani ulikuwa mita 7, wakati wa Corona mwaka 2020 UICN ikasema 10, mimi ningekaa kwenye 10 hata gade akiwa mpole. Gorila akisogea mwenyewe mnarudi nyuma pole pole, hakuna kukimbia. Kikohozi kikikushika ghafla, geuka, kohoa ndani ya kiwiko, mwambie gade. Muda ni saa moja, na hapo karibu hakuna kula hata biskuti.

Kijana wako hajakataliwa juu ya tabia. Chini ya miaka 15 hawapande kwa sababu watoto wanaokotaka virusi shuleni kila wiki na wanavitoa kwa siku nyingi kuliko sisi, mara nyingi bila kuumwa. Angoje tu, mbuga iko pale toka 1970.

Juu ya feza, piga simu leo, usingoje Ijumaa usiku, omba wakusogezee tarehe. Ukiwaambia mapema una nafasi ya kusikilizwa kuliko kurudishwa pale barrière ukiwa umeshalipa na gari la kupitia Miti. Na hapohapo uliza kama njia na ziara ziko sawa wiki hiyo, unajua hali yetu. Wiki mbili mbele inatosha, kama kikohozi kimekwisha kabisa.

Mashemeji sasa, hapa njo naogopa zaidi yako, maana mnalala nyumba moja na mnakula sahani moja. Ijumaa jioni waulize mmoja mmoja: koo, pua, kichwa, tumbo kuharisha. Mwenye hata kimoja abaki. Na msiseme basi yule mgonjwa tumpeleke Lwiro, kile kituo cha kulelea sokwe, akaone sokwe, wale wa Lwiro wana mapafu yaleyale.