Vepu ya Gharama Kubwa, Mbona Inasumbua?

Maswali ya wasomaji na majibu ya mafundi

SWALI: Ndugu mhariri, nilinunua vepu (sigara ya kielektroniki) ya daraja la juu, ya betri mbili, ganda la chuma na skrini ya rangi. Ndiyo iliyonisaidia kuachana na sigara. Haijamaliza mwaka na imeshanichosha: mara inasema haioni tangi la juisi, mara inazima katikati ya kuvuta wakati skrini inaonyesha betri iko nusu. Ile ya bei rahisi niliyoanza nayo haikuwahi kunifanyia hivi. Je, nimeuziwa bandia?

JIBU: Huenda si bandia, na lalamiko lako lina haki. Fedha ya ziada unayolipia vepu ya daraja la juu huishia zaidi kwenye bodi ya kudhibiti umeme, skrini na umbo lenyewe. Sehemu zinazosumbua mara nyingi, yaani betri, pini ya mguso, mipira ya kuziba na koili (kiwaya chenye pamba kinachopasha juisi hadi iwe mvuke), hazitofautiani sana na za vifaa vya bei ya chini. Tena bodi nzuri ni kali. Kila ukibonyeza inapima ukinzani wa koili, yaani jinsi inavyozuia umeme, na volti ya betri, na ikiona jambo halikai sawa inagoma. Kifaa chako cha zamani kilipeleka umeme bila kuuliza maswali. Kwa hiyo sehemu ya unayoyaona ni ulinzi unaofanya kazi yake. Kazi yako ni kujua unakukinga na nini.

Anza na ujumbe wa tangi kutoonekana. Toa betri, kisha fungua tangi. Katikati ya tundu lenye hesi, ambalo kwa vifaa vingi ni lile la kipimo cha 510, kuna pini inayosimama juu ya springi. Ibonyeze taratibu kwa kijiti cha mbao: ishuke na kurudi yenyewe. Ikibaki chini, au ikirudi kwa uvivu, kimiminika kimeingia na kuganda pembeni yake. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ikamue isichuruzike, kisha safisha pini, hesi na kitako cha tangi. Subiri robo saa ikauke. Unaporudisha tangi, kaza kwa vidole tu na uache linapogota. Anayekaza kwa nguvu zote huisukuma pini chini pamoja na plastiki inayoizunguka, na kosa hilo nalo huiua sehemu hiyo, si matone ya juisi tu.

Kabla ya kubonyeza, soma ukinzani kifaa kikiwa kimepoa. Koili iliyoandikwa omu 0.2 (omu ni kipimo cha ukinzani) ikisomeka 0.19 hadi 0.23, hakuna tatizo. Ikiruka kutoka 0.2 kwenda 0.35 na kurudi, mguso ni mbovu mahali fulani, na mara nyingi ni koili yenyewe haijakazwa vizuri kwenye kitako chake. Halafu fanya jaribio ambalo watu wengi hulisahau: azima tangi lingine zima, ulifunge kwenye kifaa chako. Tatizo likihama na tangi, kifaa hakina kosa. Likibaki palepale, ugonjwa uko kwenye kifaa.

Sasa hilo la kuzima betri ikiwa nusu. Skrini hukuonyesha volti ya betri ikiwa imepumzika. Ukibonyeza, volti hushuka kwa sababu betri ina ukinzani wake wa ndani. Chukua betri yenye ukinzani wa omu 0.03: ikitoa ampea 15, inapoteza volti 0.45. Mguso mchafu wa omu 0.02 unaongeza hasara ya volti 0.3. Betri iliyosomeka 3.7 ikiwa imetulia inakuwa karibu 2.95 ikiwa kazini, na vifaa vingi hukata umeme volti ikifika kati ya 3.0 na 3.2. Skrini haikudanganyi, inakuonyesha kipimo kimoja huku bodi ikiamua kwa kipimo kingine.

Mizigo inahesabika hivi. Kwa kifaa chenye bodi ya kudhibiti, kinacholemea betri ni wati, wala si omu za koili. Gawanya wati kwa volti, kisha ongeza takriban sehemu moja ya kumi kwa umeme unaopotea ndani ya bodi. Wati 60 kwenye betri moja yenye volti 3.7 ni karibu ampea 18. Betri ikishuka hadi 3.2 inalazimika kutoa karibu ampea 21. Kwa betri mbili, kila moja inabeba nusu. Ndiyo maana betri moja ikichoka kati ya mbili, kifaa kizima kinachoka. Nunua mbili kwa pamoja, za aina moja, zitumie pamoja na uzichaji pamoja. Kamwe usichanganye mpya na ya zamani.

Zichaji zote mbili zijae, uzipime kwa maltimita, yaani kipima umeme: zisome karibu volti 4.2. Ziache siku nzima bila kuzitumia, upime tena. Iliyoshuka hadi karibu 4.0 huku mwenzake akibaki juu imekwisha. Baada ya kuchajiwa mara mia tatu hivi, usishangae betri ikikupa muda mfupi na kuzima mapema. Tazama pia maandishi ya juu yake. Betri ya 18650, yaani ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, yenye maandishi ya ampea 40, imetiwa chumvi. Nzuri za ukubwa huo hutoa mfululizo kati ya ampea 15 na 30, kutegemea ujazo wake. Ikidai ujazo wa milliampea-saa 5000, irudishe dukani.

SWALI: Tangi langu linavuja kila asubuhi, na koili mpya inaanza kuonja moto siku ya pili. Vyote ni vya kampuni moja na vya bei kubwa. Nakosea wapi?

JIBU: Huenda hukosei popote isipokuwa kwenye chaguo la juisi, na hili wauzaji hawalisemi vya kutosha. Juisi ni mchanganyiko wa propileni glikoli, ambayo ni nyepesi, na gliserini ya mimea, ambayo ni nzito. Koili za omu chini ya 0.5 zina matundu makubwa ya pamba na zinahitaji juisi yenye gliserini asilimia 70 hivi. Ukiweka ya nusu kwa nusu, inapita moja kwa moja na kumwagika kwenye tundu la hewa. Koili ndogo za omu 0.8 hadi 1.2 ni kinyume chake: juisi nzito haiifikii pamba kwa wakati, pamba inakauka na kuungua. Msomaji anayeona uvujaji na moto kwa pamoja aangalie kwanza kama anatumia juisi moja kwa matangi mawili tofauti.

Kuvuja kwa usiku kuna chanzo kingine pia. Tangi likiwa limelala au chumba kikibadilika joto, hewa iliyo juu ya juisi inatanuka na kuisukuma chini. Funga tundu la hewa kabla ya kujaza, usijaze hadi ukingoni, funga kifuniko, kisha ndipo ufungue hewa. Lihifadhi likiwa wima. Kagua mipira ya kuziba: uliopasuka au uliojikunja badilisha, na mpya upake tone la juisi usijisokote. Tofautisha pia uvujaji na mvuke uliopoa: matone membamba ndani ya kinywa cha kuvutia ni ya kawaida, yafute tu kwa karatasi laini.

Koili mpya inahitaji subira. Dondoshea matone manne au matano kwenye matundu ya pamba, jaza tangi, uliache dakika kumi. Ikiwa imeandikwa wati 60 hadi 80, anza na 45, upande kwa tano tano. Pumzika sekunde 15 hadi 20 kati ya mvuto na mvuto. Juisi tamu sana huacha tabaka jeusi kwenye waya na kuua koili mapema. Hakuna bei ya kifaa inayoweza kuzuia hilo. Pamba ikishaungua haioshwi ikapona, itupe.

SWALI: Jana ilijiwasha yenyewe mfukoni ikawa ya moto. Niendelee kuitumia?

JIBU: Usiendelee, hata mara moja. Toa betri, uiweke juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na vitu vya kushika moto na mbali na watoto. Usiichaji. Sababu inaweza kuwa kitufe kilichokwama kwa uchafu, ambacho kinasafishika, au transista, yaani swichi ya kielektroniki ya kuendesha koili, iliyoharibika. Hiyo ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imeruhusu umeme kupita, na hapo kitufe hakina tena mamlaka. Kwa vile huwezi kujua kwa macho ni ipi, kipeleke kwa fundi au kirudishe. Vepu zinazowaka kwa kuvuta zina kihisi cha hewa ambacho juisi ikikifikia kinaweza kuwasha koili bila mtu. Nazo ni hivyohivyo. Ganda la plastiki la betri likichanika hata kidogo, badilisha ganda kabla ya kuirudisha ndani, maana mwili wote wa chuma ni upande wa hasi na ukigusana na upande wa chanya inapiga shoti.

SWALI: Yangu ina betri ya ndani na haichaji kwa kebo niliyopewa na simu yangu. Imekufa?

JIBU: Jaribu kebo nyingine kwanza. Baadhi ya watengenezaji hawaweki vikinza viwili vidogo, vya kuipa chaja ishara, kwenye tundu la USB la aina ya C, na bila hivyo chaja mpya yenye kebo ya vichwa vya C pande zote haitoi umeme. Tumia kebo yenye kichwa cha zamani cha mstatili upande wa chaja, kwa ampea moja au mbili. Kisha zima kifaa, uchokoe nyuzi na vumbi kwenye tundu la kuchajia kwa kijiti cha mbao. Ikiwa ubavu umevimba, usiichaji tena na usiutoboe.

SWALI: Muuzaji anasema kosa ni langu. Nimjibu nini?

JIBU: Mpelekee ushahidi wa majaribio badala ya malalamiko. Mwambie: tatizo limebaki nilipobadilisha tangi, limebaki nilipoweka betri zilizopimwa na kusoma 4.2, na pini inarudi vizuri. Ambatanisha video inayoonyesha ukinzani ukiruka au skrini ikizima, picha ya namba ya kifaa na risiti. Koili na mipira kwa kawaida havimo kwenye dhamana, kwa hiyo usiviweke kwenye dai. Vitampa mlango wa kutokea. Usifungue bodi mwenyewe kabla ya jibu, kwani skrubu zenye alama za bisibisi hutumika kukunyima haki yako.

Kwa wewe uliyetoka kwenye sigara, kipindi cha kusubiri kifaa kirudi ndicho cha hatari. Weka akiba ya vepu rahisi ya koili ya omu nyingi, au viraka vya kubandika na ubani wa kutafuna wa nikotini, usije ukarudi kwenye tumbaku kwa sababu ya bodi moja mbovu. Na msomaji asiyevuta, haya yote hayamhusu: nikotini inajenga uraibu, hata ikitoka kwenye kifaa kizima.