Vikaratasi vya kujazia boksi la zawadi, tengeneza mwenyewe

Dada uliyeuliza cha kujazia maboksi yako ya zawadi za sabuni, usinunue, vile vikaratasi vya mikunjomikunjo unavyosema bei imekushinda unavifanya nyumbani na mkasi tu. Chukua karatasi za A4 zilizotumika upande mmoja au ile mifuko ya kaki ya dukani (mimi kaki ndo naipenda, inakaa kama vitu vya bei), kata vipande virefu vya kama milimita 4 hivi, alafu shika vipande vitano sita pamoja, kunja mbele nyuma mbele nyuma kama zile feni za karatasi tulizokua tunatengeneza darasani, bana kwa nguvu na vidole dakika moja then achia, vitajikunja vyenyewe kama springi.

Gazeti hapana aisee!! Wino wake unaachia, na kwa vile we unaweka sabuni za mche zisizo na kava zitatoka na madoa, mi nshaharibu kitambaa cheupe cha mtu hivyo hivyo. Risiti nazo usiweke.

Ukitaka rangi, chemsha maji na manjano, yapoe, chovya karatasi nzima KABLA ya kukata na utoe fasta, anika kivulini mpaka ikauke kabisa maana ikiwa na unyevu boksi litanuka uvundo. Hii ya manjano ila weka kwenye boksi la vitu vilivyofungwa, inaweza kuachia rangi.

Karatasi 20 za A4 ni kama gramu 100, boksi dogo zinatosha na kubaki.