Seva inajibu 200, watumiaji wanakwama

SWALI: Ninasimamia seva ya wavuti inayotegemea hifadhidata na huduma ya barua pepe. Programu ya ufuatiliaji huita ukurasa wa ukaguzi kila baada ya sekunde 30. Juzi watumiaji walishindwa kuingia kwenye akaunti zao kwa saa nzima, ilhali ukurasa huo uliendelea kujibu kwa msimbo 200, yaani "ombi limefaulu". Je, niufanye ukague kila kitu?

JIBU: Ndugu msomaji, ukurasa wako uliulizwa swali dogo, ukalijibu kwa usahihi: seva inapokea maombi. Programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mfano, isipobadilishiwa mipangilio huruhusu miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja. Nafasi zikijaa, anayetaka kuingia kwenye akaunti hukwama, huku ukurasa usiogusa hifadhidata ukijibu upesi kama kawaida.

Hata hivyo, nakusihi usirundike ukaguzi wote mahali pamoja. Kabla ya kuongeza chochote, jiulize ni nani atakayechukua hatua jibu likiwa baya. Ikiwa ni mtambo unaozima programu na kuiwasha upya, ukaguzi wake usiguse kitu chochote cha nje, kwa sababu hifadhidata ikilemewa utawasha upya programu zisizo na kosa, nazo kila zinapoamka zitakimbilia kufungua miunganisho mipya kwenye hifadhidata ileile iliyokwisha kuelemewa. Nimeona hitilafu ya dakika chache ikigeuka kuwa ya usiku kucha kwa njia hiyo.

Ukaguzi wa kina uwe wa kukuamsha wewe. Uiulize hifadhidata swali jepesi, kama SELECT 1, kupitia miunganisho ileile wanayotumia watumiaji, uwekewe kikomo cha sekunde 2, na ujibu 503, yaani "huduma haipatikani", unaposhindwa. Bila kikomo, ukaguzi wenyewe huingia kwenye foleni na kuongeza msongamano. Barua pepe zinaweza kusubiri, kwa hiyo pima umri wa barua iliyokaa foleni muda mrefu zaidi. Fuatilia pia nafasi iliyobaki kwenye diski na siku zilizobaki kabla cheti cha usalama hakijaisha.

Mwisho, fungua akaunti ya majaribio, kisha uweke programu kwenye mashine iliyo nje ya mtandao wako iingie katika akaunti hiyo kila dakika, kwa jina na nywila, kama afanyavyo mtumiaji. Jaribio hilo lingekuarifu juzi ndani ya dakika chache.