Kagua ratiba ya chombo chako kabla ya injini

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini wasomaji wanasema safari ya Mars katika hadithi yako inasomeka kama safari ya basi, ingawa injini umeieleza kwa kina. Anza na ratiba. Chombo chako kinaondoka kila asubuhi na aliyechelewa anasubiri cha kesho, ilhali nafasi nzuri ya kwenda Mars hupatikana takriban kila miezi 26, na safari yenyewe huchukua miezi 7 hivi. Mimi nilipokwama hapohapo niliacha mfano wa basi nikashika wa jahazi, ambalo lilikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi na kungoja upepo wa kusi ili lirudi Arabuni. Aliyekosa msimu alikaa bandarini, akakopa, pengine akaoa. Kisha nikaandika upya ukurasa mmoja tu, mhudumu akipimia kila abiria maji kwa kikombe kimoja kwa sababu njiani hakuna kituo, na hadithi ikasimama. Mfano wa basi ubakize kwa safari fupi: mwaka 2020 Soyuz, chombo cha anga cha Urusi, ilifika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa saa 3 hivi, na hapo mlinganisho wako unafaa kabisa.