Kwetu, kitu cha kwanza kutoka ni mfuko

Bwana Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: bei zinapopanda, ni kitu gani kinachotoka kwanza katika matumizi ya nyumba yenu, na je, bado mnaweza kuweka akiba? Wasomaji wengi watajibu kwamba ni nyama, au nguo za sikukuu, na watakuwa wamesema kweli. Hapa kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, kusini mwa Kongo, jibu langu ni jingine: kinachotoka kwanza ni mfuko wa unga. Bukari, yaani ugali, tunaendelea kula, asubuhi hata jioni ikibidi, ila tunaacha kununua unga kwa mfuko na kuanza kuununua kwa kopo, na mimi ninaamini kwamba siku hiyo ndiyo akiba ya nyumba inapokufa, hata kama sandukuni kumebaki noti mbili tatu.

Sisi ni watu 7. Mfuko wa kilo 25 unatutosha siku 10, au 11 tukipata viazi vitamu vya kusaidia. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari na mshahara wangu hutoka kwa franga, pesa ya Kongo; mke wangu huuza samaki wakavu wa Kasenga katika soko la Kenya. Kwa miaka mingi desturi yetu ilikuwa kununua mifuko miwili siku ileile mshahara unapotoka, na mfuko wa tatu ulitokana na faida ya samaki. Mwaka 2024 mifuko miwili ikawa mmoja, kisha hata huo mmoja ukatushinda, na binti yetu wa miaka 12 akawa anatumwa kila jioni na bakuli kwenda kununua makopo ya siku hiyo.

Kwa siku 10 niliandika kila kopo katika daftari. Jumla ilipofika, nilikuta tumelipa bei ya mfuko mmoja pamoja na karibu robo ya mfuko wa pili, kwa unga uleule na kwa midomo ileile. Binti yangu ndiye aliyenionyesha sababu moja: aliligeuza kopo la muuzaji na kuniambia, «Papa, angalia huku chini.» Kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani kidogo, upana wa kidole. Simchukii mama yule muuzaji, kwa maana naye alinunua mfuko kwa bei mpya na watoto wake wanakula kutokana na tofauti hiyo. Lakini hesabu haifichiki: asiye na pesa ya mfuko ndiye anayekula unga wa bei ghali kuliko wote mjini, na ile robo iliyopotelea katika makopo ndiyo hasa iliyokuwa akiba yetu, kwa sababu hatukuwahi kuwa na ziada nyingine.

Ndiyo maana ninasema kwamba kabla mtu hajaulizwa kuhusu benki aulizwe kwanza kuhusu unga. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia yao. Wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye wa Gécamines iliyochukua nafasi yake, walipewa posho ya unga pamoja na mshahara, na baba yangu alikuwa akisema kwamba mshahara ni wa kuonyesha majirani, posho ni ya kulea watoto. Nikiwa mdogo niliyasikia maneno hayo kama mazoea ya mzee. Sasa ninayaelewa vizuri: bei ya unga ingeweza kupanda mara mbili, na mfuko wa posho ungebaki na kilo zake zilezile.

Pesa, kwa upande wake, ilimwangusha baba zaidi ya mara moja. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 (zaire ndiyo iliyokuwa pesa ya nchi wakati huo) hazina thamani tena, watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Zilizobaki katika masanduku zikawa karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na mwaka uliofuata bei zilikuwa zinapanda kwa maelfu ya asilimia. Mwaka 1998 ikaja franga, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeyaona yote hayo katika maisha yake ya kazi usimshangae akikataa kuweka pesa yake mahali asipoweza kuigusa.

Hapa ningependa kutenganisha mambo mawili ambayo sokoni huitwa kwa jina moja, «bei zimepanda», kwa sababu asiyeyatenganisha huweka akiba yake mahali pasipofaa.

La kwanza ni bei ya mahindi. Jimbo letu la Haut-Katanga halijilishi. Sehemu kubwa ya mahindi na unga huingia kutoka Zambia kupitia mji wa mpakani wa Kasumbalesa, na bei yake hufuata mvua. Januari na Februari, kabla ya mavuno, unga huwa ghali. Mavuno yakiingia, unashuka. Mwaka ukiwa mbaya, hupanda kupita kawaida: mvua zilikatika Zambia, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame huo ni janga la taifa. Nchi inayoogopa njaa haiachii mahindi yake yavuke mpaka, na sisi tuliona matokeo katika kopo. Hata hivyo, upandaji wa namna hii una kurudi. Mavuno ya Zambia ya mwaka 2025 yalikuwa makubwa sana, na mtu aliyekimbilia kuuza cherehani yake kwa sababu ya bei ya Februari aliiuza kwa tatizo lililokuwa na mwisho.

La pili ni franga yenyewe, na hili halina msimu. Noti ya franga 20,000 ilipotoka mwaka 2012, dola ilikuwa karibu franga 920, kwa hiyo noti hiyo moja ilikuwa na thamani ya dola 21 na kitu. Aliyeikunja na kuiweka chini ya godoro, akaja kuitoa mwaka 2024 wakati dola ilikuwa karibu franga 2,800, alikuta ina thamani ya dola 7. Hakuna aliyemwibia. Noti ilikuwa palepale, safi, na theluthi mbili ya nguvu yake ilikuwa imekwenda. Kodi ya nyumba yetu inatajwa kwa dola, karo za shule nyingi vilevile, na mimi ninalipwa kwa franga. Kila dola ilipopanda, mshahara wangu ulipungua bila mtu yeyote kuubadilisha.

Basi, wengi husema, weka dola. Nimeziweka, na sijutii, lakini nisingependa wasomaji wadhani kwamba huko kuna usalama mtupu. Noti yenye mchaniko mdogo pembeni hukataliwa. Nimemwona mbadilishaji akipitisha ukucha wake pande zote nne za noti ya 100 kabla ya kunirudishia. Dola nayo hupungua nguvu huko kwao: Juni 2022 bei nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 katika mwaka mmoja. Tena, mwaka 2025 tuliona jambo ambalo vijana wengi hawakuwahi kuliona, dola kushuka kutoka zaidi ya franga 2,800 hadi chini ya 2,500 katika muda mfupi. Wauzaji walisema bidhaa zao walizinunua kwa kiwango cha zamani, bei za franga nyingi zikabaki pale zilipokuwa, na aliyekuwa na dola 50 za dharura akakuta zinamnunulia vitu vichache kuliko mwezi uliotangulia. Jambo hilo liliniumiza kwa ajili ya wale waliofanya kila walichoshauriwa.

Kwa swali lenu la pili, kwa hiyo, ninajibu kwamba akiba inawezekana, ila sisi tumeacha kuipima kwa pesa. Katika mtaa wetu tulikuwa na likelemba ya watu 10, kila mmoja akitoa kiasi kilekile cha franga kila mwezi na mmoja akipokea chote. Bei zilipopanda, wa kwanza alipokea pesa ya mifuko 5, na wa 10 akapokea pesa isiyofika mifuko 4, ingawa wote walitoa sawa. Mama mmoja mjane aliyekuwa wa mwisho hakugombana na mtu. Alikaa kimya tu na bahasha mapajani, na kimya chake kilitutosha. Katika mzunguko mpya tulikubaliana kwamba kila mmoja atatoa bei ya nusu mfuko kama ilivyo sokoni siku hiyo, na mwenye zamu atapokea mifuko 5, iwe ya unga au ya mahindi yasiyosagwa.

Mpango huu una taabu zake. Bei ikipanda ghafla, mchango nao unapanda, na mwezi mmoja watu wawili walishindwa, ikabidi wengine tuwabebe. Unga hauvumilii unyevu wa masika, na mahindi yana fukusi. Ndiyo maana wengi wetu huchukua mfuko mmoja au miwili ya unga na iliyobaki ya mahindi makavu, ya kupeleka kwenye kinu kidogo kidogo. Lakini tangu tuanze, hakuna mwenye zamu aliyepokea mfuko pungufu, na mama yule safari hii ni wa tatu.

Zamu yangu ni mwezi wa Februari, mwezi wenyewe wa unga ghali. Mke wangu ameshaliondoa sanduku la nguo katika kona ya chumba cha watoto, akapanga mbao juu ya matofali manne ili mifuko isiguse sakafu.