Maswali ya Historia: Nani Aliiandika Siku Moja ya Rais Nixon?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba watafiti wanaweza kueleza Rais Richard Nixon wa Marekani alikuwa wapi, pamoja na nani, na kwa dakika ngapi, siku ya tarehe 20 Juni 1972. Ninafundisha historia kidato cha tano, na wanafunzi wangu wamenibana kwa maswali mawili. Ni nani aliyekuwa akiandika hayo yote? Na ikiwa yote yaliandikwa, na mengine kurekodiwa kwa sauti, kwa nini inasemwa kwamba hadi leo hatujui alichozungumza asubuhi ya siku hiyo? – Mwalimu wa historia, Iringa

JIBU: Ndugu Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Jumanne ile haikuandikwa na mtu mmoja, na hilo ndilo jambo la kwanza wanalopaswa kulielewa.

Kumbukumbu iliyo kubwa kuliko zote ni Shajara ya Kila Siku ya Rais. Wakati wa Nixon iliandaliwa na wafanyakazi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa waliowekwa kufanya kazi ndani ya White House, nao hawakuwa wakimfuata Rais na kalamu mkononi. Walikusanya karatasi za watu wengine. Walinzi wa Rais waliandika saa alizotoka chumba hiki na kuingia kile, waendesha simu wa swichibodi waliandika kila simu iliyopita mikononi mwao, wasimamizi wa makazi waliandika aliposhuka asubuhi na aliporudi usiku, na makatibu muhtasi wa ofisini waliandika wageni waliofika kwa miadi na wale walioingia bila miadi. Karatasi hizo zote zilipambanishwa, kisha zikapigwa chapa katika fomu moja yenye safu za mahali, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, aina ya simu, na shughuli yenyewe. Simu ilitiwa alama kuonyesha kama Rais aliipiga au alipigiwa, na kama ilikuwa ya mjini au ya mbali. Mkutano ulipokuwa na watu wengi, majina yao yaliwekwa katika kiambatisho.

Lugha ya shajara hiyo ni kavu, na ninaona kwamba ukavu huo ndio unaoipa heshima. Usiku wa tarehe 20 Julai 1969, Nixon alipozungumza kwa simu na Neil Armstrong na Edwin Aldrin waliokuwa mwezini, mazungumzo hayo yaliingizwa katika mstari wake kama yalivyoingizwa mengine yote ya siku ile, yakitajwa tu kuwa ni mazungumzo ya kutoka sayari hadi sayari. Mwandishi wa shajara hakuulizwa jambo lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba saa ni sahihi na jina ni sahihi.

Lakini shajara haisemi kilichozungumzwa. Inakufikisha mlangoni, inakuonyesha nani ameingia na saa ngapi ametoka, na hapo inakuacha. Kwa yale yaliyosemwa ndani tunahitaji kumbukumbu ya aina nyingine, nayo ni kanda za sauti. Kuanzia Februari 1971, kwa amri ya Nixon, mafundi wa kikosi kinachomlinda Rais walitega vinasa sauti katika Ofisi ya Duara, yaani ofisi kuu ya Rais, na Chumba cha Baraza la Mawaziri, na baadaye katika ofisi yake ya pili iliyokuwa ng'ambo ya pili ya njia, katika simu zake, na huko Camp David, makazi ya mapumziko ya Rais. Isipokuwa katika Chumba cha Baraza la Mawaziri, mitambo hiyo ilianza kurekodi yenyewe mara sauti iliposikika, na walioijua walikuwa wachache sana. Umma uliifahamu tarehe 16 Julai 1973, Alexander Butterfield, aliyewahi kuwa msaidizi wa Rais, alipoulizwa na kamati ya Seneti iliyokuwa ikichunguza kashfa ya Watergate, tutakayoieleza hivi punde, akajibu kwa kweli. Siku mbili baadaye mitambo ilizimwa, ikiwa imeacha kanda za takriban saa 3,700.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Tarehe 17 Juni 1972 watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic, wapinzani wa Nixon, katika jengo la Watergate mjini Washington, na uchunguzi ukawahusisha na kampeni ya Nixon. Nixon alikuwa nje ya mji, kwa hiyo tarehe 20 ilikuwa siku yake ya kwanza kamili ofisini tangu tukio hilo. Asubuhi alikuwa katika ile ofisi yake ya pili, ambako alimwona kwanza John Ehrlichman, mshauri wake wa mambo ya ndani. Baada yake aliingia H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa White House, aliyekaa na Rais kuanzia saa tano na dakika 26 hadi saa saba kasoro robo mchana. Ndani ya mazungumzo hayo ya pili, katika kanda yenye namba 342, kuna dakika kumi na nane na nusu ambazo hazina neno hata moja. Kinachosikika ni mvumo tu.

Hapa naomba wanafunzi waangalie jinsi saa zilizoandikwa na makarani zilivyogeuka kuwa jambo la kisheria. Mwendesha Mashtaka Maalumu wa kashfa hiyo, Archibald Cox, alipotoa hati ya kudai kanda mnamo Julai 1973, hakuweza kudai saa 3,700 kwa mkupuo. Alitaja mazungumzo tisa, akayataja kwa tarehe, mahali na wakati. Mkutano wa tarehe 20 Juni ulitajwa kwa namna iliyoweza kusomwa kana kwamba Ehrlichman na Haldeman walikuwa ndani pamoja, na kwa muda upande wa Rais ulichukulia kwamba kilichodaiwa ni mazungumzo na Ehrlichman peke yake. Kumbukumbu za saa zilionyesha wazi kwamba waliingia mmoja baada ya mwingine, na kwamba Haldeman alikuwa ndani kwa sehemu ya muda uliotajwa. Bila karatasi hizo, sehemu iliyofutwa ingeweza kabisa kubaki nje ya madai ya mahakama.

Rose Mary Woods, katibu muhtasi wa Nixon kwa miaka mingi, alieleza mahakamani kwamba huenda yeye alifuta dakika zisizozidi tano kwa bahati mbaya alipokuwa akinakili kanda, kwa kubonyeza kitufe cha kurekodi huku mguu wake ukibaki kwenye kanyagio wakati akipokea simu. Maelezo hayo hayakutosha kwa dakika kumi na nane na nusu. Wataalamu sita walioteuliwa kuichunguza kanda hiyo walimpa Jaji John Sirica taarifa yao Januari 1974: kanda ilifutwa kwa vipindi tofauti visivyopungua vitano, na huenda vikafikia tisa. Aliyeifuta hakujulikana, wala hajajulikana hadi leo. Mwaka 2003 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilitangaza kwamba majaribio ya kuirudisha sauti iliyofutwa yameshindwa.

Je, dakika hizo zimepotea kabisa? Si zote. Haldeman alikuwa na tabia ya kuandika kwa mkono wakati Rais akizungumza, na kurasa mbili za karatasi zake za mkutano ule zimehifadhiwa. Humo kuna agizo kwamba ofisi ikaguliwe kila mara isije ikategwa vinasa sauti, kuna swali la namna ya kujibu mashambulizi, na kuna wazo la kuanzisha kampeni mbele ya umma itakayoelekeza lawama kwa wapinzani. Kwa maneno machache yaliyokatwakatwa tunajua kwamba siku tatu tu baada ya kukamatwa kwa wale watu watano, jambo la Watergate lilikuwa mezani pa Rais, na kwamba lilizungumzwa kwa upande wa kujihami. Mwaka 2009 wahifadhi walizipeleka kurasa hizo zichunguzwe kwa vyombo vya kisasa, wakitafuta alama zilizoachwa na kalamu kutoka ukurasa mwingine ambao pengine uliondolewa.

Kuna pengo jingine la siku hiyohiyo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Jioni Nixon alizungumza kwa simu na John Mitchell, aliyekuwa akiongoza kampeni yake ya uchaguzi. Simu aliyoitumia ilikuwa ya makazi na haikuunganishwa na vinasa sauti, kwa hiyo hakuna kanda ya mazungumzo yenyewe. Kilichopo ni rekodi ya simu kupigwa, pamoja na maneno ambayo Nixon mwenyewe aliyatamka baadaye kwenye chombo cha kunakilia imla, akikumbuka walichozungumza. Kwa hiyo mwanafunzi anayo kumbukumbu inayothibitisha kwamba mazungumzo yalifanyika, na simulizi ya mmoja wa wahusika kuhusu yaliyomo. Vitu hivyo viwili havina uzito sawa, na mwanahistoria anayevichanganya ameanza vibaya.

Mimi naamini kwamba mafunzo ya siku ile yako zaidi katika karatasi za waendesha simu na walinzi kuliko katika kanda yenyewe. Kanda ina sauti ya Rais na ghadhabu yake, na kila mtu huikimbilia. Lakini kanda ilikuwa kitu kimoja, mahali pamoja, chini ya mamlaka ya watu waliokuwa na sababu ya kuiogopa, na kwa hiyo iliweza kufutwa. Saa tano na dakika 26 iliandikwa na mtu ambaye hakuwa na faida wala hasara katika jambo hilo, naye aliiandika siku ileile kabla mtu yeyote hajajua kwamba dakika hizo zingekuja kuwa na maana. Ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuuharibu kwa sababu mwenye nia ya kuuharibu hajui hata kwamba upo. Ndiyo maana huniumiza kila ninaposikia kwamba madaftari ya wageni, vitabu vya simu na orodha za magari za ofisi fulani ya umma vimechomwa moto ili kupata nafasi ya makabati, huku hotuba zilizokwisha kuchapishwa katika magazeti zikifungiwa kwa uangalifu.

SWALI: Baada ya hapo, je, sheria ya Marekani inamruhusu rais kuchukua au kuteketeza kumbukumbu zake? Na simu za mkononi zimebadilisha nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa karibu miaka 200, kuanzia George Washington, karatasi za rais zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi. Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, siku chache baada ya kutolewa kwa kanda ya tarehe 23 Juni 1972 iliyoonyesha akikubali shirika la ujasusi la CIA litumiwe kuzuia uchunguzi wa shirika la upelelezi la FBI kuhusu Watergate. Na mwezi uliofuata alifikia makubaliano na serikali ambayo yangewezesha kanda zake ziteketezwe hatimaye. Bunge la Marekani liliingilia kati mwaka huohuo kwa sheria iliyozikabidhi kanda na nyaraka zake kwa taifa. Sheria ya jumla ya Kumbukumbu za Rais ilipitishwa mwaka 1978, na kuanzia tarehe 20 Januari 1981 kumbukumbu rasmi za kila rais ni mali ya umma. Anaweza kuomba baadhi zifungwe kwa muda usiozidi miaka 12.

Kuhusu simu za mkononi, mfano ulio wazi ni tarehe 6 Januari 2021, siku jengo la Bunge la Marekani lilipovamiwa. Kumbukumbu za simu za White House zilizokabidhiwa kamati ya uchunguzi ya Baraza la Wawakilishi hazionyeshi simu yoyote ya Rais Donald Trump kwa muda wa saa saba na dakika 37, kuanzia asubuhi hadi jioni, ingawa Kevin McCarthy, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Republican, chama cha Trump, katika Baraza hilo, alisema hadharani kwamba alizungumza naye kwa simu ndani ya muda huo. Simu isiyopita swichibodi haina mtu wa kuiandika. Sheria, tangu marekebisho ya mwaka 2014, inamtaka kiongozi anayetumia akaunti binafsi kwa ujumbe wa kazi apeleke nakala katika akaunti rasmi ndani ya siku 20. Lakini mazungumzo ya mdomo hayana nakala ya kupeleka.

SWALI: Mimi sina uwezo wa kusafiri. Je, ninaweza kuziona nyaraka hizi nikiwa nyumbani? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndiyo, na bila malipo zaidi ya gharama ya intaneti. Shajara za Nixon zimepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya maktaba yake iliyoko Yorba Linda, California, na sehemu kubwa ya kanda inaweza kusikilizwa. Lakini kwa msomaji wa Tanzania ningependekeza aanze na siku inayomgusa: tarehe 4 Agosti 1977, Rais Jimmy Carter alipompokea Mwalimu Julius Nyerere White House, ukombozi wa kusini mwa Afrika ukiwa mbele katika mazungumzo yao. Siku hiyohiyo Carter alitia saini sheria ya kuunda Wizara ya Nishati ya Marekani, jambo linaloonyesha ni nini kingine kilikuwa kikigombania saa zake.

Fungua shajara ya Carter ya tarehe hiyo katika tovuti ya maktaba yake, ya Atlanta, uandike pembeni saa za kila mkutano na majina ya waliohudhuria. Baada ya hapo tafuta muhtasari wa mazungumzo yenyewe, kisha linganisha na magazeti ya Uhuru na Daily News ya wiki ile. Kwa nyaraka za upande wetu, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kabla ya kufunguliwa kwa umma, muda ambao kwa mwaka 1977 umekwisha kupita; peleka maombi yako kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ukitaja tarehe, jina la ofisi na jambo unalolitafuta, kwa sababu ombi lisilo na tarehe humchukua mhudumu siku nyingi na mara nyingi hurudi mikono mitupu.