Barua kwa mwanangu: barafu ya Kibo

Mwanangu Neema,

Huku Machame hatujambo, baba yako anakusalimia. Umeniuliza: kama wataalamu walisema barafu ya Kilimanjaro itakwisha kufikia 2020, na bado unaiona kwenye picha ninazokutumia, kwa nini tuwaamini tena?

Una haki ya kuuliza. Mwaka 2002 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba kati ya 1912 na 2000 Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilipoteza takriban asilimia 80 ya eneo la barafu yake. Wakasema mwendo ukiwa uleule, itakwisha kati ya 2015 na 2020. Hasara waliyoipima ni ya kweli, ila tarehe ndiyo iliyowapiga chenga. Barafu ikishabaki vipande, kila kipande kina unene wake na huisha kwa wakati wake.

Chanzo cha barafu kupungua ndicho kigumu zaidi, na hapo nataka utulie. Kileleni, karibu mita 5,900, hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri. Georg Kaser wa Austria na wenzake walieleza kwamba zile kuta za barafu, zilizosimama wima kama zimekatwa kwa panga, huliwa na jua, na sehemu kubwa hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Theluji mpya ikiadimika, hakuna cha kuzifidia. Na ukavu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati moshi wa viwanda ulikuwa bado mdogo. Kwa hiyo kusema kiasi gani cha barafu kimeondolewa na moshi wetu ni kazi ngumu mno.

Lakini mwanangu, usivuke hapo ukasema basi joto la dunia nalo ni la kubahatisha. Hilo limepimwa kila bara na baharini, na mwaka 2021 IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilisema pasipo shaka kwamba binadamu ndiye aliyelileta.

Mimi kinachoninyima usingizi ni masika. Kompyuta nyingi za wataalamu hutabiri mvua zaidi Afrika Mashariki, ilhali tangu miaka ya 1980 masika kwa sehemu kubwa yalipungua. Na maji ya mifongo yetu, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, hutoka hasa kwenye mvua ya msituni. Barafu huchangia kidogo sana.

Basi ile fedha ya miche ya kahawa, naomba tujenge tangi kwanza. Mvua ikizidi litajaa, ikipungua tutakuwa na akiba. Fundi nimeshaongea naye, anasubiri mchanga tu.

Mama yako